Mwaka wa Kuzaliwa Pheello

Ungekutana naye njiani ungedhani anauza mayai. Blanketi begani limebanwa kwa pini, kofia ya nyasi kichwani, na mkononi kile kisanduku chake cha plastiki ambacho hakukiweka chini hata pale aliposimama kusalimia. Ndani ya kisanduku kulikuwa na barafu, na juu ya barafu vichupa vya damu za watu. Huyo ndiye Mapuleng. Nitawasimulia habari zake bila haraka, maana mwenyewe hakuwa mtu wa haraka, na kilima cha Ha Rantsimane hakipandwi mbio.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa msaidizi wa muuguzi katika zahanati yetu ya milimani. Madaktari wa mji mkuu, Maseru, walipoanza kutafuta chanzo cha ugonjwa wa vali za moyo unaorithiwa, walihitaji mtu anayejua nani ni ndugu wa nani huku juu, wakaambiwa mchukueni yule. Moyo, kama alivyozoea kutueleza, una milango midogo inayofunguka damu ipite, kisha inajifunga isirudi. Zipo koo ambazo milango hiyo huzaliwa laini mno. Inalegea kama turubai lililochoka, na damu inavuja kurudi ilikotoka. Kasoro yenyewe imejificha kwenye jeni, na mzazi anayeibeba anaweza kumpa mtoto au asimpe, kama sarafu inavyoangukia upande huu au ule. Wengine wanakufa nayo wakiwa vijana. Wengine wanaibeba mpaka uzeeni bila hata kikohozi.

Kazi ya Mapuleng ilikuwa kuchora miti ya koo hizo. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Mgonjwa anapakwa wino ndani, mzima anaachwa mweupe, aliyekufa anakatwa kwa mstari. Alichorea kwenye karatasi kubwa za kaki, mezani kwake, katika chumba kimoja cha mawe nyuma ya zahanati, na alipochora alizungumza na watu wa kwenye karatasi. "Na wewe, ulikufa na nini? Umri wako huu na radi inakupiga? Hebu nimuulize dada yako." Alijua watoto wa watu, wajukuu wa watu na mimba zilizoharibika za watu. Chumbani mwake kulikuwa na kikombe kimoja.

Kwetu bibi harusi hupewa jina na wakwe zake siku ileile anayofika, na jina hilo ni la mtoto ambaye bado hajaja. Walimwita Mapuleng, mama wa Puleng. Puleng hakuja. Mwaka wa nne mwamba ulimwangukia mumewe mgodini, na Mapuleng akarudi kwao na jina tu. Wasiomjua wakimsikia akiitwa huuliza kwa adabu, "Puleng hajambo?" Naye hujibu, "Hajambo, yuko mbali." Hata alipoandikwa kazi, karani wa Maseru alilitazama jina lake, akajaza fomu mwenyewe: mtoto mmoja, Puleng, ndiye aitwe kukitokea jambo. Mapuleng aliiona fomu ile akaitia sahihi.

Sasa, mti uliompa kazi kuliko yote ulikuwa wa ukoo wa Lebeko, kijijini Ha Rantsimane. Walikuwa ndugu wawili. Mkubwa, Mohlouoa, alianguka akilima mwaka sabini na tisa, akafa palepale, moyo. Alimwacha mjane, Matumelo, na binti yao Tumelo. Binti naye alikufa akiwa na miaka thelathini na moja, siku mbili baada ya kujifungua, mapafu yamejaa maji. Kisha kuna Pheello, mwana wa mwisho wa nyumba hiyo. Alikwenda kuomba kazi mgodini, daktari wa huko akamwekea chombo kifuani, akasikia mluzi mahali pasipotakiwa mluzi, akamrudisha. Kwa sababu ya mluzi ule Mapuleng alianza kupanda kilima kile. Miraba miwili na duara moja vilipakwa wino: baba, binti, mwana. Mstari ulinyooka vizuri mpaka madaktari wakafurahi.

Ndugu mdogo, Setenane, aliishi ng'ambo ya ukuta wa mawe, na alikuwa mzima. Hakuna aliyeugua nyumbani kwake. Alikataa sindano, akasema damu yake inamtosha yeye. Nyumba yake ikaachwa nyeupe na kuwekwa mwisho wa orodha.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, baridi imeanza kuuma, Mapuleng alipanda na karatasi mpya iliyochapwa Maseru, amwoneshe Matumelo mti wa nyumba yake. Nusu ya kilima alimkuta Khauhelo, binti wa Setenane, ameketi juu ya jiwe, ndoo ya maji pembeni. Alikuwa na miaka ishirini na minne na mimba ya miezi saba. Alikuwa amerudi kwa wazazi wake kuzaa, kama anavyorudi kila binti wetu kwa mtoto wa kwanza.

"Jiwe limekupenda leo," Mapuleng alimwambia.

"Ndilo mume wangu hilo, mama. Halinitumi maji."

"Umepumzika mara ngapi tangu chemchemini?"

"Mara tatu. Mtoto wa watu mzito, kama baba yake. Nenda tu, mama mkubwa anakusubiri na motoho."

Kweli Matumelo alikuwa amepika motoho, ule uji mchachu wa mtama, na alimpa Mapuleng bakuli kubwa bila kuuliza kama ana njaa. Nyumba nyingi zilimpokea Mapuleng, lakini ni hapa tu alipokuwa na bakuli lake, la enameli lenye ua jekundu. Kwa miaka mitatu wanawake wale wawili walikuwa wamekaa jikoni wakitaniana juu ya magoti yao. Mapuleng alikunjua karatasi magotini akaanza kuusoma mti kwa sauti. Alipofika kwa Pheello alicheka.

"Hawa watu! Wamemzaa Pheello mwaka sabini na tisa. Mimi niliandika themanini na tatu, wao wakaona nimekosea, wakanisaidia!"

Matumelo hakucheka. Alichukua mwiko akakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu cha kukorogwa.

Mapuleng alikunja karatasi. Waliongea habari ya baridi, akaaga.

Alipofika kwenye lile jiwe aliikuta ndoo. Khauhelo hakuwapo. Maji yalikuwa robo tatu, yametulia, na pembeni ya jiwe alama za viatu zilielekea juu, hatua fupifupi kama za kikongwe. Msichana alikuwa ameyaacha maji akapanda mikono mitupu. Mapuleng alisimama akiitazama ile ndoo, na hapo ndipo lilipomjia.

Alikuwa akilijua siku zote, kama sisi sote tulivyolijua, na kwa sababu tulilijua hakuna aliyelifikiri. Mohlouoa alikufa sabini na tisa. Pheello alizaliwa themanini na tatu. Setenane alimrithi mjane wa kaka yake, kama desturi ilivyotaka, na mtoto aliyepatikana akawa wa marehemu, maana ng'ombe wa marehemu ndio waliomleta mama yake. Desturi ikishapita hapo haisemwi tena. Pheello humwita Setenane baba mdogo. Mapuleng mwenyewe, mtu wa kwetu, alimweka Pheello chini ya Mohlouoa bila kusita, kwa sababu ndipo alipo. Kumbe moyo wa Pheello haukutoka kwa mtu aliyekuwa kaburini miaka minne. Ulitoka ng'ambo ya ukuta. Ile nyumba nyeupe ndiyo iliyobeba, na ndani yake mlikuwa na msichana mwenye mimba asiyeweza kufikisha ndoo.

Mashine ya kupigia picha moyo hupanda huku mara mbili kwa mwaka. Ilikuwa inakuja Alhamisi. Alimpigia simu daktari, mwanamke kijana mwenye subira, mzaliwa wa Maseru.

"Dakta, niongezee mtu kwenye orodha. Binti wa Setenane Lebeko."

"Mama, nyumba ile ni nyeupe tupu. Nina watu ishirini na mashine moja. Una sababu?"

"Ninayo. Lakini si yangu ya kutoa."

Kanuni aliitunga daktari mwenyewe: ambalo familia haijalisema haliingii kwenye mti. "Basi itafute kwa mwenyewe, mama. Una siku mbili."

Jumanne alikwenda kwa Setenane. Mzee alikuwa uani anashona mkanda wa tandiko.

"Mzee wangu, nakuomba Khauhelo Alhamisi ashuke zahanati, apimwe moyo."

"Moyo? Huyu kaja kuzaa, hakuja kutembea. Akiteleza njiani wakwe zake nitawaambia nini? Nilimpeleka kwa mashine?"

"Pumzi inamkata, mzee."

"Mama yake ilimkata mimba zote saba, na yule pale anabishana na kuku. Mimba ni mzigo, mama. Basi tu wewe hukujaliwa kujua."

Mapuleng alilimeza hilo. Hakuwa akilimeza kwa mara ya kwanza.

"Kuna ugonjwa katika ukoo huu."

"Nyumba ile! Ya kaka, Mungu amrehemu. Mimi hapa nina miaka sitini na sita, nampanda farasi bila tandiko. Ni ugonjwa gani huo unaoruka ukuta?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwa Mapuleng, akashuka nalo kilima chote.

Jumatano asubuhi alipanda tena. Matumelo alikuwa anakata mboga za majani kwenye ungo.

"Kama umekuja kuomba mbegu za maboga, zimekwisha."

"Sikuja kwa mbegu."

"Basi kaa, unaniziba mwanga."

Alikaa. "Matumelo, ule mwaka wa Pheello."

"Waache na mwaka wao. Sabini na tisa pazuri."

"Kwa nyumba yako pazuri. Kwa Khauhelo si pazuri."

Kisu kiliendelea kukata. "Pheello ni wa Mohlouoa."

"Najua."

"Analima shamba la Mohlouoa. Akichinja, anachinja kwa jina la Mohlouoa. Tumelo nimemzika. Ukimtoa Pheello kwenye likaratasi lako hilo, mume wangu anabaki na nani?"

"Simtoi. Lakini moyo wake unavuja, na hakuupata kaburini."

Kisu kilisimama. Matumelo hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Wewe ulikataa. Shemeji yako alikuja kukurithi, na blanketi la kukufunika, ukamfungia mlango. Tulisikia mpaka huku. Tukasema, mwanamke jeuri huyo. Haya, leo una nini? Una sanduku la damu za watu."

"Ndilo nililo nalo."

"Mimi sikukataa. Nililia usiku mmoja, basi. Nikapata mtoto. Na wewe unataka nimrudishe."

Mapuleng aliitazama mikono yake. Aliuliza tu, "Tumelo alianza vipi?"

Kuku aliingia, akatoka.

"Alianza kulala ameketi," Matumelo alisema. "Kitandani, ameegemea ukuta. Nikadhani maringo."

"Na Khauhelo analala vipi?"

Matumelo aliweka ungo chini. Alikwenda mlangoni, akapaza sauti ng'ambo ya ukuta wa mawe, sauti ya kawaida, kama anayeuliza chumvi. "Khauhelo! Jana umelalaje?"

"Nimekaa, mama mkubwa!" sauti ilijibu ikicheka. "Nikijilaza mtoto ananikaba koo! Mwambie aniheshimu!"

Matumelo alibaki amesimama pale, mkono kwenye mwimo wa mlango. Kisha akavua aproni, akatwaa blanketi lake la kutokea, akalifunga kwa pini. Kwenye ukuta kulikuwa na pengo ambalo familia zile mbili zilipitia kila siku kuazimana moto. Hakupita pale. Alizunguka, akaingia kupitia langoni kama mgeni, na Mapuleng nyuma yake.

"Setenane."

Mzee alisimama upesi na mkanda ukaanguka. Miaka zaidi ya thelathini alikuwa "shemeji" kinywani mwa yule mwanamke, hakuwahi kuwa jina.

"Mtoto aende Alhamisi," Matumelo alisema.

"Nimeshamwambia huyu mama kwamba—"

"Pheello kaupata kwako."

Khauhelo alikuwa kizingitini, mkono kiunoni. Hata yeye aliacha kucheka.

"Umesema nini?" Setenane aliuliza polepole. "Mbele ya watu?"

"Nimesema mara moja. Mwandishi yuko hapa, kasikia. Sirudii, na usinirudishe." Aligeuka akaondoka kwa njia ileile ndefu, mgongo umenyooka.

Setenane aliokota mkanda wake. Aliutazama upande mmoja, akaugeuza upande wa pili. Hakumtazama Mapuleng wala binti yake.

"Yule farasi mweupe ana ukwato mbovu," alisema mwishowe. "Nitampandisha kwenye mwekundu. Mwekundu hatelezi."

Alhamisi daktari alimlaza Khauhelo kwa ubavu, akampaka mafuta kifuani, na kwenye kioo vali ikaonekana ikipepea badala ya kujifunga, na damu ikirudi nyuma kwa kishindo. Mapafu yalikuwa yameanza kushika maji. Gari lililoleta mashine liliacha kila kitu likamteremsha mchana uleule mpaka hospitali kubwa ya nchi tambarare. Kabla halijaondoka Setenane alivua shati mwenyewe, bila kuombwa, akajilaza pale alipolala binti yake.

"Ni hicho?" aliuliza akitazama kioo.

"Ndicho, baba," daktari alimjibu.

"Kidogo hivyo?"

"Kwako kidogo. Umekibeba tangu uzaliwe."

Alivaa shati akakosea vifungo, na hakuna aliyemwambia.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji baada ya wiki tatu, msichana, mama yake akiwa hai na madaktari wanne chumbani. Vali yenyewe ilishonwa baadaye. Mwezi wa kumi Khauhelo alipandishwa kilima, mtoto akiwa mgongoni mwa bibi yake, na kwa Setenane wakachinja kondoo wawili.

Mapuleng aliisikia harufu ya nyama akiwa njiani, amebeba kisanduku, anakwenda kwenye ukoo mwingine juu zaidi ya hapo. Hakuwa amealikwa. Tangu ile Jumatano, Matumelo aliingia ndani kila alipomwona kwa mbali. Mara moja walikutana chemchemini, na Matumelo akainamia ndoo yake mpaka mwenzake akapita. Haikuwa hasira. Mtu akikuona umevua kitu ambacho hukupata kukivua, macho yake yanakulemea hata akifumba. Mapuleng alilielewa hilo, na kulielewa hakukumrudishia lile bakuli la ua jekundu. Kutoka uani Khauhelo alimwona, akampungia mkono wote, akamwinua mtoto juu aonekane. Mapuleng naye akainua kisanduku. Kisha akaendelea kupanda.

Aliporudi chumbani alichora upya mti wa Lebeko. Alichora miwili. Wa kwanza, wa Maseru, mstari wa Pheello ulitoka kwa Setenane, mwaka themanini na tatu, na mraba wa Setenane ukapakwa wino nusu, maana ameibeba kasoro bila kuugua. Wa pili, wa kubaki Ha Rantsimane, Pheello alikuwa chini ya Mohlouoa kama alivyokuwa, na mwaka ulisema kweli. Huo wa pili aliukunja akaupeleka kwa Pheello malishoni, ampe mama yake. Haukurudishwa. Halafu akapiga simu.

"Dakta, nakutumia mti. Na yule mtoto mchanga nimemtia. Duara."

"Tumpake?"

"Ndani paache peupe mpaka apimwe. Na jambo jingine. Ile fomu yangu ya kazi, kuna jina la kufuta. Puleng."

"Jamani, mama! Pole sana. Amefariki lini?"

"Hakufariki. Hakuzaliwa."

Karatasi zilisikika zikifunuliwa, kisha kalamu ikikwaruza.

"Sawa, mama," daktari alisema. "Nimefuta. Lakini lazima pawe na mtu wa kuitwa. Kukitokea jambo. Niandike nani?"

Mapuleng alitazama ukutani, zilikotundikwa karatasi zake za kaki, koo kumi na saba, watu mia sita na kitu, wote akiwajua kwa majina.

"Andika Matumelo Lebeko, Ha Rantsimane."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana. Kwa sasa hata hatusalimiani. Lakini akiitwa atakuja."